Ndiyo ya Kibwana

Dar es Salaam, Jumanne, 10 Agosti 1909

Dada yangu Chausiku,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa vizuri, goti lako limepoa, Salum hajambo na watu wote wa Ndambwe hawajambo. Mimi ni mzima, nimeshiba, na tangu jana nimeona mambo ambayo nikija kuyasimulia huko mtasema Kibwana amerudi amelewa.

Gari la moshi lilitutoa Morogoro alfajiri. Tuko majumbe saba wa milimani, wote tumealikwa na Boma kuja kutazama mji kwa juma moja. Mzee Ahmadi wa Matombo alishika kiti kwa mikono miwili tangu tulipoondoka, na tulipofika Kingolwira, ambapo ni hapo tu, mtu angeweza kwenda kwa miguu na kurudi kula, akauliza kama ndiyo Dar es Salaam. Tukamcheka mpaka Ruvu. Mimi nilicheka kuliko wote, lakini nakwambia wewe peke yako kwamba na mimi nilikuwa nimeshika kiti.

Wametulaza kwenye nyumba ndefu ya mawe nyuma ya kambi ya askari. Kila mtu na kitanda chake. Wali asubuhi, wali jioni, na nyama yake. Anayetutembeza ni karani mmoja anaitwa Alois, mtu wa makamo, kanzu yake safi, maneno yake laini. Ananiita Bwana Jumbe, na akiniita hivyo najikuta nimenyoosha mgongo. Jana jioni alitupeleka kwenye barabara ya ufukweni. Nyumba nyeupe tupu, dada, zimepangwa mstari mmoja zikitazama maji, na miti imepandwa kwa kamba, hakuna mmoja uliotoka nje ya mstari. Nilishuka nikayaonja maji ya bahari. Kila mtu hutuambia ni ya chumvi, lakini nilitaka nijue mwenyewe. Ni ya chumvi.

Najua ulinuna siku nilipoondoka. Ulisema mtu halishwi wali juma zima kwa sababu ya macho yake mazuri. Dada, mara nyingine watu hukaribishana tu. Jumatatu ijayo jioni watatuaga kwa matarumbeta, na kila jumbe atavikwa joho lake, na Jumanne tunarudi.

Salum akae mahali pangu, na akae kweli, asizurure. Yeye ni mtoto wa dada, kiti hiki ni chake siku nikiondoka, basi aanze kuzoea matako kuuma. Barua zako mpelekee Sherali dukani kwake Mwembesongo. Yeye humpa mtu wa gari la moshi, na ndugu yake Gulam huku huipokea na kuniletea mwenyewe. Hazipiti Boma, kwa hiyo sema utakavyo.

Ni mimi mdogo wako,
Kibwana


Ndambwe, Mgeta, Jumatano, 11 Agosti 1909

Mdogo wangu Kibwana,

Marahaba. Barua yako haijafika lakini shikamoo yako najua umeiandika, kwa hiyo naiitikia kabisa. Sisi wazima wa mwili. Goti ni lilelile. Wewe hujambo? Unakula? Unalala?

Sasa sikiliza. Jumatatu ile uliyopanda gari, jua halijawa kali, walifika hapa wazungu wawili na mnyororo mrefu wa chuma na wapagazi kumi. Mmoja ni yule wanayemwita Bwana Msitu. Wakaanza kupima. Nilidhani watapima msitu, maana msitu wameshausemea siku nyingi, ati tusikate miti mito isikauke. Hilo mimi sina ugomvi nalo, hata bibi yetu alikuwa akitukataza. Lakini hawakuanzia kwenye msitu. Wameanzia chini, kati ya nyumba zetu na mashamba. Kila wanapofika wanajenga rundo la mawe na kulipaka chokaa. Mpaka leo jioni wamejenga matano. Kila kilichoko juu ya mawe ni cha serikali: msitu, makaburi, na mashamba ya kaya zote kumi na nne. Msimamizi wa wapagazi wao amewaambia watu wavune kilichopo, mvua zikianza asionekane mtu na jembe huko.

Nilikwenda mwenyewe, nikasimama mbele ya mnyororo wao. Nikamwambia msimamizi kwamba mimi ndiye dada wa ukoo, ardhi ya lukolo, yaani ya ukoo, haitoki bila neno langu, na neno langu ni hapana. Hakunitukana. Alitabasamu kama unavyomtabasamia mtoto anayemkataza ng'ombe asipite. Akasema, "Mama, jumbe wenu anajua habari hii. Yuko Dar es Salaam kwa ajili hiyohiyo."

Kibwana, unajua? Kama unajua, mbona hukuniambia? Na kama hujui, basi ujue sasa. Hawakuwaita kutazama mji. Wamewatoa nyumbani ili wapime kwa raha.

Wewe tangu utotoni ukionyeshwa kitu king'aacho husahau jina lako. Usiandike jina lako popote. Usiweke dole lako popote. Sema unaumwa tumbo, urudi.

Salum hajatulia. Anazunguka mawe yale kama anayeyahesabu. Nimemwambia akae, amekaa, lakini namjua mwanangu akikaa namna ile.

Dada yako,
Chausiku


Dar es Salaam, Alhamisi, 12 Agosti 1909

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo tena. Sijapata barua yako, nadhani milima imekushika. Natumaini mu wazima, na kuku wangu hawajaliwa na kicheche. Huku sote wazima isipokuwa mzee Ahmadi, ambaye jana alipandishwa mashua ndogo kwenda bandarini akatapika wali wote wa serikali.

Jana tulionyeshwa chelezo. Nikueleze vipi? Ni sakafu ya chuma, kubwa kuliko uwanja wetu wa ngoma, inaelea. Wanaizamisha, meli inaingia juu yake, kisha wanaiinua na meli inatoka majini nzima nzima kama mtu aliyebebwa na godoro lake. Watu wanatembea chini ya tumbo la meli na kulikwangua. Nilisimama pale nikasema moyoni, watu hawa wakitaka kuuhamisha mlima wetu watauhamisha. Tukapelekwa penye mashine ya barafu. Nilikabidhiwa kipande mkononi. Kinachoma, lakini si moto. Nilitaka kukuletea, kikaisha kabla sijafika mlangoni. Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka, mkono umelowa.

Leo asubuhi tulitembezwa kwenye bustani ya miti iliyoletwa kutoka kila nchi, halafu tukakalishwa kwenye baraza, tukaletewa chai yenye maziwa. Alois akatusomea karatasi. Imeandikwa kwa Kijerumani lakini yeye alitupa kwa Kiswahili kizuri. Inasema sisi majumbe tumeyaona mambo mema, tunashukuru, na tunakubali serikali iulinde msitu wa Uluguru na kuweka mpaka wake, ili mito isikauke. Wenzangu wakaweka dole gumba. Mimi niliandika jina langu, Alois akaniletea kalamu ya chuma na kusema hajaona jumbe wa milimani mwenye mwandiko kama ule.

Usishtuke. Najua unaposoma hapa umeshika kiuno. Kumbuka desturi yetu. Tangu babu wa babu, mgeni akija kuomba kitu kwa ukoo wetu, kaka husema ndiyo, maana si adabu kumkatalia mtu aliyekaa juu ya mkeka wako. Kisha jambo linapelekwa kwa dada, na dada ndiye anayekataa kama ni la kukataliwa. Dada hakukaa na mgeni, hakula naye, kwa hiyo hakuna aliyeaibishwa. Ndiyo ya kaka ni heshima. Jibu ni la dada. Nani asiyejua hivyo? Mimi nilikunywa chai yao, nimelala kitandani kwao, ningewezaje kusema hapana na kikombe mkononi? Karatasi ile haina jina lako. Bila jina lako haiwezi kuhamisha hata kichuguu. Niliandika kwa mkono mwepesi kabisa.

Wakija huko na maneno ya mpaka, wewe utasema lako, nao watarudi tuzungumze. Ndivyo mambo yanavyokwenda.

Kesho tutaonyeshwa mizinga. Msalimie Salum.

Mdogo wako,
Kibwana


Mwembesongo, Morogoro, Ijumaa, 13 Agosti 1909

Kibwana,

Marahaba. Uzima upo. Nimeshuka, niko kwa Pili, binti wa mama mdogo, miguu imevimba. Barua yako ya jana nimeisomea dukani kwa Sherali nikiwa nimesimama kati ya magunia ya chumvi. Nilipomaliza, Sherali mwenyewe alinisogezea kiti bila kuuliza, kwa hiyo unaweza kujua uso wangu ulikuwaje.

Nianze na lililonileta. Jana adhuhuri walijenga rundo la saba juu ya kaburi la bibi. Si kando, juu. Salum aliwaacha wakila chakula, akaenda akalivunja, jiwe moja moja, akayatupa mtoni. Hakujificha. Walipokuja alikuwa anaosha mikono. Askari wawili wakamfunga kamba wakashuka naye, nami nikawafuata kwa nyuma. Leo nimemwona uani mwa Boma. Amefungwa mnyororo shingoni pamoja na watu wengine wanne, wanafagia. Nilimsogelea mpaka askari akanizuia, lakini tulisikilizana. Hakuniuliza chakula wala hakuniuliza atatoka lini. Aliniuliza, "Mama, mjomba alikubali kweli? Wananiambia jina lake lipo."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia mjomba wako hawezi. Kisha nikaenda kwa Sherali nikakuta barua yako.

Kibwana, mdogo wangu, ile desturi yetu ni adabu kwa watu wanaoijua. Mtu wa Matombo akipata ndiyo yako anajua hajapata kitu, anakaa kungoja jibu langu. Hawa hawakungoja. Walichukua ndiyo yako wakaondoka nayo, na mimi nilipofika na hapana yangu nikaonekana kikongwe anayepiga kelele shambani. Wamekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wewe ukawaandikia jina lako kwa mwandiko mzuri.

Sikuandiki nikutukane. Nina hasira, nakwambia wazi kwamba nina hasira, lakini hasira itangoja. Simama mbele ya huyo anayewakaribisha useme neno lile halikuwa neno. Mwenyewe umelifunga, mwenyewe ulifungue. Mimi huku nitakaa karibu na mwanangu. Pili anapika, nampelekea, askari mmoja ana huruma anapitisha.

Nijibu upesi. Gari la moshi linafika kila alasiri na mimi nitakuwa kwa Sherali.

Dada yako,
Chausiku


Dar es Salaam, Jumamosi, 14 Agosti 1909

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali namna gani. Barua yako ya kwanza Gulam aliniletea jana jioni na ya pili leo, na hii ya pili nimeisoma mara nne. Kila nikifika pale Salum anapouliza, macho yanakataa kuendelea.

Nimekosa. Sina neno jingine la kuweka hapo.

Jana walitupeleka kuona mizinga, kabla sijapata barua. Ilipigwa mara tatu kuelekea baharini na mzee Ahmadi alikaa chini mchangani. Mimi nilipiga makofi. Leo nimefikiri, mtu anaalikwa kuonyeshwa mizinga kwa sababu gani? Na chelezo je? Na bustani ile ya miti iliyotolewa kwao na kupandwa pengine kwa kamba? Walikuwa wanazungumza nasi juma zima, dada, na mimi nilidhani tunatazama tu. Leo tena tumeingizwa ndani ya meli, tukashushwa ngazi mpaka kwenye moto. Sikumbuki nilichoona. Nilikuwa nahesabu kaya: ya Mwaisha, ya kina Stefano, ya yule mjane wa ng'ambo ya kijito, mpaka kumi na nne.

Tulipotoka nikamshika Alois kando. Nilimwambia jina langu litoke. Nikamweleza desturi yetu yote, kaka na dada, na yeye akasikiliza mpaka mwisho, hakunicheka. Akasema karatasi ishaingia ofisini. Lakini akasema Jumatatu saa kumi jioni, kabla ya kuvikwa majoho, Bwana Mkubwa wao, anayetukaribisha, atamuuliza kila jumbe kwa mdomo, mbele ya watu, kama neno lililoandikwa ni lake. Hiyo ni sheria yao. "Ukisema silo neno lako," akaniambia, "hawezi kukulazimisha pale. Itabidi atume watu kuja kuwasikiliza wazee wenu, na mawe yatasimama mpaka wamalize."

Moyo ukanirudi. Nikamwambia basi nitasema. Ndipo akaniuliza kama Salum aliyeletwa Boma la Morogoro ni ndugu yangu, maana habari ilikuja kwa simu. Nikasema ni mpwa wangu, mrithi wangu. Akavua miwani yake, akaifuta. Kisha akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Kijana aking'oa mawe peke yake, huo ni utundu. Jumbe akikataa huku na mpwa wake akang'oa kule, hao si watu wawili tena, Bwana Jumbe. Huo unaitwa uasi. Unakumbuka watu wa uasi walifanywaje."

Ninakumbuka. Miaka minne haijapita. Nilipita kule chini mwaka ule na mzigo wa tumbaku, nikaona kamba zilivyofungwa mitini na walionyongwa nazo. Sikuwahi kukusimulia.

Alois hakunitisha, nadhani. Aliniambia kama mtu anayemwambia mwenzake njia ina shimo. Pengine ndiyo kazi yake, sijui tena. Nikisema hapana, mashamba yanapona na Salum sijui. Nikisema ndiyo, Salum anarudi, na kaya kumi na nne zinashuka na majembe yao kwenda wapi?

Jambo hili si langu kuamua. Safari hii nalipeleka linakostahili. Sema wewe, dada, maana ni mwanao na ni ardhi yako. Utakalosema sitalipita, unajua siwezi. Niandikie kesho, gari la Jumatatu alfajiri litaileta hapa saa tisa, na Gulam ameniahidi ataileta mbio. Kutoka hapo nitakuwa na saa nzima.

Mdogo wako,
Kibwana


Mwembesongo, Jumapili, 15 Agosti 1909

SALUM AMETOKA. Naliandika hili juu kabisa kabla ya salamu, ulione upesi.

Mdogo wangu, marahaba, na pumua sasa. Wamemwachia leo asubuhi. Jana walimchapa viboko ishirini na tano, na leo karani wa hapa akasoma jina lake akasema adhabu imekwisha, aende kwao, akirudia atafungwa. Nilimuuliza karani mara mbili kama kuna kesi nyingine juu ya Salum, uasi au chochote. Akapekua kitabu chake, akaniambia hakuna, mama, alivunja jiwe, amechapwa, basi. Nimemuuliza mbele ya Sherali ili awepo shahidi.

Yuko hapa kwa Pili, amelala kifudifudi mkekani, mgongo tumeupaka mafuta. Amekula ugali mara mbili. Barua yako ya jana nimemsomea yote. Nilipofika penye kamba akasema nikuandikie kwamba hana kinyongo na wewe hata chembe, na kwamba leo anashika njia ya mlimani hata kwa kutambaa, ili kesho saa kumi asiwe mahali ambapo mtu anaweza kumshika kwa ajili yako. Nimekubali. Watu wawili wa Mgeta wanakwenda naye.

Sasa hawana cha kukushikia. Kama Alois alijua hivyo alipokuambia ya uasi au hakujua, hilo tutalizungumza ukirudi.

Umeniuliza neno langu. Neno langu ni hapana. Liseme kwa sauti, na kama huwezi kulisema kama lako, liseme kama langu. Sema dada amekataa. Watacheka, waache wacheke, na wewe simama. Joho wakikunyima, nitakushonea.

Na nikwambie jambo jingine, maana sijui kama niliwahi kukuambia. Siku zote mimi ndiye mwenye kukataa na wewe ndiye unayependwa na wageni. Nimekuonea wivu kwa hilo. Kesho itakuwa zamu yako kuchukiwa. Si vibaya sana, mtu huzoea.

Ukimaliza njoo nyumbani, kaka yetu. Nitakupikia maharage mabichi.

Dada yako akupendaye,
Chausiku


Dar es Salaam, Jumatatu, 16 Agosti 1909, jioni

Dada yangu Chausiku,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kwamba Salum walau ameletewa chakula leo. Mimi niko mzima. Nimekaa kitandani, joho liko juu ya msumari. Ni jekundu, lina uzi wa dhahabu shingoni. Mzee Ahmadi amelala na lake, hajalivua.

Barua yako ninayo. Gulam aliileta saa tisa na robo, anahema, kama alivyoahidi. Ilikuwa mkononi mwangu karibu saa nzima, na sikuifungua.

Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Nilikuomba neno lako, na nilikuomba kwa moyo kweli. Lakini jana, siku nzima, nilikuwa nakuona unavyoketi kuandika. Ninakujua. Tangu nipate akili sijakusikia ukisema ndiyo juu ya ardhi, hata mama alipokuwa anakusihi. Najua ungeandika hapana, na mkono wako usingetetemeka, na ungelia baadaye peke yako. Na mimi nikishaisoma hapana yako nimefungwa. Hakuna kaka wa ukoo wetu aliyewahi kuisikia hapana ya dada akaipita, na mimi nisingekuwa wa kwanza. Nisipoifungua, bado hujasema. Nilijishika hapo. Niliiweka mfukoni, upande wa moyo, nikatoka nayo uwanjani.

Uwanja ulijaa. Matarumbeta yalipigwa, bahari ilikuwa nyuma yao, bendera juu. Walituita mmoja mmoja. Wenzangu wote walisema ndiyo, wengine kabla hawajaulizwa. Ilipofika zamu yangu Bwana Mkubwa aliuliza, mkalimani akanitafsiria: neno hili ni lako? Alois alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa na hapana tayari, dada. Nikamwona Salum na mnyororo shingoni. Nikamwona mtoto wako alipokuwa na miaka minne, alivyokuwa ananifuata na jembe langu linalomshinda uzito.

Nikasema ndiyo. Wakaniuliza tena, nadhani sauti haikutoka. Nikasema ndiyo, ni neno langu.

Ile ya kwanza niliisema kwa adabu. Hii niliisema nikijua ninachokiuza. Mashamba yamekwenda. Nitawakabili kina Mwaisha mwenyewe, na yule mjane, na wazee, na kama watanitoa kwenye kiti sitaking'ang'ania. Nikitemewa mate nitapangusa. Hayo yote nimeyapiga hesabu nikayakubali, kwa sababu Salum atarudi. Alois ameniahidi baada ya sherehe kwamba kesho atapeleka simu Morogoro, kijana aachiwe. Ameshika mkono wangu. Kwa hiyo utakapoisoma hii, atakuwa ametoka au anatoka, na ni mimi niliyemtoa. Nililifanya jambo moja kwa ajili yako bila kukuuliza, na ndilo hilo.

Mpikie kitu kizuri. Usimwambie gharama yake mpaka apate nguvu.

Tunaondoka kesho alfajiri, na barua hii itapanda gari moja nami, uisome kabla hujaniona uso. Barua yako bado iko mfukoni, sijaigusa. Nitaifungua siku nitakapomwona Salum kwa macho yangu, hapo hata kama umeandika nini nitakuwa na nguvu ya kukisoma.

Mdogo wako,
Kibwana